Ufunguo wa Pili wa Bi Sikudhani

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzijuzi tu, watu walipoanza kufunga milango kwa funguo badala ya kuifunga kwa adabu, paliondokea mwanamke mjane jina lake Bi Sikudhani. Alikaa katika mji mmoja wenye machungwa mengi kuliko watu, mtaa wa Majaribio, nyumba ya mlango mmoja na madirisha ya nondo. Kazi yake ilikuwa kupika vitumbua. Sitaki kuvisifu sana nikaonekana nimehongwa, lakini walikuwapo watu waliohama mtaa ule wakarudi kwa sababu ya vitumbua.

Mlango wake ulikuwa wa mninga, mzito, mzuri, na haukufungika. Marehemu mumewe, Mzee Kilua, aliutundika mwenyewe bila fundi, na kwa miaka ishirini kila alipotoka shamba aliangika kikapu cha machungwa kwenye mshikio, akakaa chini kupumzika. Mlango ukazoea kuinamia upande ule, hadi ukawa unaburuza sakafu. Habari ya kitasa hakutaka kuisikia. "Kitasa ni tusi kwa jirani," alikuwa akisema, na mlango ukafungwa kwa kamba ya usumba, nyuzi za kumbi la nazi.

Sasa sikilizeni desturi za Majaribio, maana bila hizo hadithi yangu haina mkia wala kichwa. Desturi ya kwanza: mlango wa kamba si mlango uliofungwa. Anayefungua kamba hahitaji hodi. Alipokuwa hai Mzee Kilua, watu waliona haya kidogo. Alipokufa, na eda ikaisha, haya nayo ikaisha. Asubuhi aliingia wa kuazima chujio. Adhuhuri aliingia wa kuazima kinu. Jioni aliingia beberu wa jirani, ambaye yeye hakuazima, alikula hapohapo. Na wifi yake, Bi Mwatima, dada wa marehemu, alishinda humo ndani akijaribu kanga za wenyewe moja baada ya nyingine, akitafuta inayompendeza.

Desturi ya pili: mwanamke asiye na mume akimpa mwanamume ufunguo wa nyumba yake, barua ya posa haina kazi tena. Watu huuliza tu ndoa ni lini.

Na wanaume watatu walikuwa wakimtaka Bi Sikudhani. Wa kwanza Fundi Mhina, seremala, mtu wa vipimo, penseli sikioni hata akienda msibani. Hata akinunua samaki humtandikia futi kamba kwanza. Wa pili Afande Shekiondo, askari magereza mstaafu, aliyefunga milango ya chuma miaka ishirini na saba, na mpaka leo akiingia mahali huhesabu waliomo. Wa tatu Hoza, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, ambaye hulizungusha gurudumu na kuinamisha kichwa akilitazama mpaka ajue limepinda wapi.

Niwaambie siri, kwa kuwa ninyi si watu wa Majaribio: moyo wa Bi Sikudhani ulikuwa kwa Hoza. Kwa nini? Kwa sababu mji mzima uliifungua ile kamba isipokuwa yeye. Alisimama nje, mlango nusu wazi, beberu akimpita kuingia ndani, na yeye akabisha hodi mara tatu. Asipojibiwa, akaenda zake. Mwanamke aliyechoka kuvamiwa huliona jambo kama hilo kubwa kuliko mkufu wa dhahabu.

Basi siku moja beberu aliingia akala mchele wote uliorowekwa kwa vitumbua vya harusi moja ya mtaani. Bi Sikudhani alimtoa kwa mwiko, kisha akachukua kitasa alichokuwa amekinunua gulioni, kitasa cha ulimi mmoja mnene wa chuma, chenye tundu la ufunguo nje na tundu la ufunguo ndani, akatoka nacho barazani. Wanaume wale watatu walikuwapo, kila mmoja amekuja eti kununua vitumbua.

"Maneno yenu nimeyasikia," akawaambia, "na jibu langu ni hili. Kitasa hiki kina funguo mbili. Atakayeufanya mlango wangu ufungwe, ufunguo wa pili ni wake."

Neno lilikuwa limeshatoka. Alilitupa kwa wote watatu, lakini macho aliyatupa kwa Hoza. Hoza hakuyaona, alikuwa anatazama bawaba. Mdomo huponza kichwa, wahenga hawakukosea. Na ahadi ni deni: pale Majaribio, mwuza chakula akivunja neno lake moja, watu huanza kutilia shaka na hamira yake.

Jumatatu alikuja Fundi Mhina.

Akaung'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya vigoda viwili. Akapima. Akapima tena. Akaitoa penseli sikioni, akatia alama, akapima alama. Akatoboa kwa keekee kutoka upande wa nje mpaka ncha ikachungulia, kisha akageuza mlango akatoboa kutoka ndani, ili mti usichanike. Akakipachika kitasa. Kwenye mwimo, ule mti wa fremu uliosimama kando ya mlango, akapima kutoka sakafuni kimo cha kitasa, akaongeza upana wa vidole viwili, nafasi ambayo mlango wowote wenye heshima huiacha chini yake, akatoboa tundu refu kwenda ndani, la kuupokea ulimi. Akaurudisha mlango kwa skurubu zilezile. Akazungusha ufunguo mlango ukiwa wazi, na ulimi ukatoka ukarudi, ukatoka ukarudi, laini, hata Bi Mwatima akapiga vigelegele ndani ya kanga isiyo yake.

Bi Sikudhani akafunga mlango. Akazungusha ufunguo.

Ko.

Ulimi umegonga mti. Kumbe mlango wenyewe hauna ile heshima ya vidole viwili. Fundi Mhina akaufungua, akapima, akakunja futi kamba yake.

"Kitasa kiko sawa, dada," akasema. "Tundu nalo liko sawa. Kama ulimi na tundu havikutani, hayo ni mambo yao wawili."

Akakusanya vyombo vyake, akaenda.

Hapa niseme kitu kuhusu mafundi wa mji ule. Wana mwiko wao: fundi hamuulizi mwenzake amefanya nini, wala hagusi kazi ya mwenzake mwenyewe akiwa hai, isipokuwa yule aliyefundishwa vingine jeshi la magereza. Kuuliza ni kukiri hujui, kugusa ni kutukana. Kwa mwiko huo nyumba nyingi pale zina madirisha mazuri yasiyofunguka.

Jumanne alikuja Afande Shekiondo, ambaye ndiye huyo aliyefundishwa vingine.

Akalitazama tundu la Mhina, akacheka kwa pua. "Hiki ni kipimo cha kiraia." Akachonga kigingi cha mninga, kifupi, akalizibia tundu lile kwa nyundo mpaka likawa sawa na mwimo. Kisha akakadiria kwa jicho, kwa uzoefu wa miaka ishirini na saba, akachimba kwa patasi tundu jipya chini yake. Lakini jicho la Afande lilizoea chuma, na chuma hakiinami. Alishuka kidole kimoja, na mlango ulikuwa umeshuka viwili.

Akafunga mlango. Akazungusha ufunguo. Ko.

Afande hakubadilika sura. Akaweka goti chini ya mshikio, akaunyanyua mlango kwa paja lake lote, akazungusha tena.

Kach.

"Umefungwa," akasema. "Saa nne na dakika kumi. Shahidi Bi Mwatima." Akaufungua, akapiga saluti, akaenda zake akitembea kama mwenye nyumba.

Bi Sikudhani akabeba sinia lake la vitumbua kichwani, akatoka, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Ko. Akashusha sinia, akajaribu goti. Ko. Akajaribu nyonga. Ko.

"Basi kila ukienda sokoni," akasema Bi Mwatima, "itabidi umwite Afande aje na goti lake."

Bi Sikudhani hakucheka. Alikuwa anayaona maisha yake: kila jioni anahesabiwa, yuko mmoja, jumla mmoja, kisha goti. Akafunga ile kamba ya usumba, akaenda sokoni na moyo mzito.

Jumatano alikuja Hoza. Akabisha hodi mara moja tu, maana Bi Sikudhani aliitikia kabla hajaongeza ya pili.

Kitasa hakukigusa. Aliufungua mlango akaufunga, akaufungua akaufunga, kichwa amekiinamisha. Kisha akaenda kwenye bawaba ya juu, akaitikisa kwa vidole. Skurubu zilikuwa zinacheza kama meno ya babu. Akazitoa zote. Akavijaza vitundu vyake vijiti vya mti, akasukuma ubao chini ya mlango, akaukanyaga ubao kwa mguu mmoja, na mlango ukapanda polepole, vidole viwili kamili. Akautia skurubu mpya, ndefu. Akatoa mguu.

"Jaribu, Bi Sikudhani."

Akausukuma kwa kidole kimoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini mlango ule ulikwenda bila kuburuza, bila sauti, ukaja wenyewe ukasimama kwenye mwimo. Bi Sikudhani alifurahi hata akasahau kwamba wifi yake anamtazama. Akaomba dua kimoyomoyo. Akazungusha ufunguo.

Ko.

Bila shaka ninyi mmeshaelewa. Mlango umepanda, tundu la Afande limebaki chini, na tundu la Mhina lina kigingi. Bi Mwatima alijitolea kuning'inia kwenye mshikio kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa mdogo. Ko. Jana mlango ulitaka kunyanyuliwa, leo unataka kuning'iniwa.

"Sasa?" akauliza Bi Sikudhani.

Hoza akafuta mikono. "Mimi nimeshughulikia bawaba. Tundu ni la Afande. Siwezi kuligusa." Akaaga kwa heshima zote, akaondoka, na Bi Sikudhani akatamani kumfuata amshike mabega amtikise mpaka ile heshima idondoke.

Alhamisi hakuja mtu. Ijumaa walikuja wote watatu, baada ya swala, kila mmoja kuchukua ufunguo wake. Waliketi ndani kwenye mkeka, mlango wazi, Bi Mwatima barazani, kama adabu inavyotaka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapo walikuwa watatu. Mhina alisema kitasa. Afande alisema goti. Hoza alisema bawaba, kwa sauti ya chini, lakini alisema. Wakaendelea hivyo mpaka mwenye nyumba hawakumwona tena.

Bi Sikudhani akatoka nje. Ufunguo wa kwanza ulikuwa mkononi, wa pili ameufundika kwenye pindo la kanga. Alikuwa amejitia wanja kwa ajili ya Ijumaa, na kichupa bado alikuwa nacho. Akautazama ule ulimi wa chuma, ulimi uliogonga mti siku tatu bila mtu kuuliza umegonga wapi. Akapaka wanja kwenye ncha yake. Akauvuta mlango taratibu. Akazungusha ufunguo. Ko. Akafungua.

Kwenye mwimo palikuwa na doa jeusi, la mviringo, katikati kabisa ya kigingi cha Afande, kile kilichoziba tundu la Mhina.

Akasimama pale akilitazama. Kumbe tundu la Mhina lilikuwa sawa tangu Jumatatu, ila mlango ulikuwa chini. Kumbe Hoza aliuleta mlango mahali pake, ila Afande alikuwa ameshapaziba. Akachukua mwiko na jiwe. Mpini wa mwiko akauweka juu ya doa, akagonga. Ndani hawakushtuka; mwanamke akigonga kitu nyumbani, wanaume hudhani ni chakula. Tundu lilikuwa refu, kigingi kilikuwa kifupi, kikazama chote mpaka ndani kabisa.

Akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo.

Kach.

Bila goti. Bila kuning'inia. Akausukuma mlango, haukutikisika. Akauvuta, haukutikisika.

Kisha ndani ikasikika sauti ya Afande: "Nani amefunga?"

"Mimi," akasema Bi Sikudhani.

Wakajaribu kuvuta. Kitasa kile hakifunguki bila ufunguo, ndani wala nje, na funguo zote mbili zilikuwa nje. Wakajaribu madirisha, wakazikuta nondo. Afande akahesabu: "Tumo watatu." Halafu, kwa sauti iliyopungua, "Miaka ishirini na saba sijawahi kuwa upande huu wa mlango."

Majirani wakaanza kukusanyika. Beberu naye akaja, akaukuta mlango umefungwa, akakaa.

Akasema kwanza Fundi Mhina, mdomo kwenye tundu la ufunguo. "Dada, neno lako tumelisikia wote. Umesema atakayeufanya mlango ufungwe. Ulimi umelala wapi hivi sasa? Umelala katika tundu langu. Kitasa nimeweka mimi, mlango nimetoboa mimi, mwimo nimetoboa mimi. Wenzangu mmoja alikuja kuziba na mwingine alikuja kuinua. Nipe ufunguo wangu, na nitakuwekea na rafu."

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Akasema Afande Shekiondo: "Bi Sikudhani, neno halikusema ufungwe siku gani, wala kwa kiungo gani cha mwili. Mlango huu haukuwahi kufungwa tangu uumbwe. Jumanne, saa nne na dakika kumi, ulifungwa, na aliyeufunga ni mimi, na shahidi amekaa hapo barazani. Tangu dakika ile ufunguo ni wangu. Yote yaliyofuata yametendeka katika mlango ulio na mwenyewe. Bi Mwatima, sema uliloliona."

"Niliona goti," akasema Bi Mwatima. "Na mlango ulifungwa. Siwezi kula kiapo cha uongo siku ya Ijumaa."

Bi Sikudhani akangoja. Alikuwa anaingoja sauti ya tatu, na moyo ulimdunda kwa namna ambayo aliona aibu kwa umri wake.

Hoza akakohoa. "Bi Sikudhani, mimi niliunyoosha mlango. Mlango ulioinama hata ukiutafutia tundu leo, kesho utashuka tena ulikatae. Mhina alitoboa vizuri lakini asingefika, na Afande alifika lakini asingedumu. Kama ni kudai, nadai kwa hilo." Akainamia tundu la ufunguo. "Na kuna jambo jingine. Jumatano, ulimi ulipogonga, nilijua umegonga wapi. Nilijua ni kigingi. Sikusema, kwa sababu ni kazi ya mtu."

Maneno hayo yalimwingia Bi Sikudhani pabaya. Siku mbili hakulala akiwaza ataishia kwa nani, na huyu, huyu aliyemtaka, alikuwa na dawa mfukoni akaificha kwa adabu. Alimpenda kwa adabu hiyohiyo. Akajikuta amekasirika na bado anampenda, vyote kwa pamoja, na mkono wake umeshika pindo la kanga lenye ufunguo.

Hapo Bi Mwatima akainuka, akajitengeneza kanga, ambayo tusiseme ilikuwa ya nani.

"Wifi yangu, mbona unahangaika? Hao wametaja tundu, wametaja goti, wametaja bawaba. Wanja hajautaja mtu. Jiwe na mwiko hajavitaja mtu. Neno lako lilisema atakayeufanya mlango ufungwe, halikusema lazima awe mwanamume. Aliyeufanya ufungwe ni wewe, na mji mzima unaona umefungwa. Ufunguo wa kwanza wako, wa pili wako. Kaa nazo zote mbili." Akasogea karibu. "Na ukihitaji mtu wa kukushikia wa pili, mimi nipo."

Bi Sikudhani akaufundua ule ufunguo, akauweka kiganjani. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umesimama nje ya nyumba yake, na hapana hata mmoja aliyeweza kuingia. Hakuwahi kupata kitu kama hicho tangu aolewe. Aliona utamu wake, na akaogopa kwa vile ulivyokuwa mtamu. Mbele yake, nyuma ya mninga, alikuwapo mtu ambaye yeye Bi Sikudhani alitamani aingie kila siku bila kubisha hodi.

Akiuvunja ule usemi wake, nani atanunua vitumbua vyake? Akiushika, aushike kwa upande upi? Ndani ya nyumba ikasikika sahani ikifunuliwa, kisha kimya cha watu watatu wanaotafuna. Wamevigundua vitumbua alivyovipika kwa harusi nyingine, ya kesho.

Basi jamani, amueni upesi, maana sahani ile si kubwa. Mhina alitoboa palipo sawa, na ulimi umelala kwake. Afande aliufunga wa kwanza, shahidi yupo. Hoza aliunyoosha mlango, na akajua dosari, na akanyamaza. Na yeye mwenyewe Bi Sikudhani aliufunga kwa wanja na mwiko, lakini bila wale watatu angepaka wanja kwenye ulimi gani, na angegonga tundu la nani? Je, nani alistahili ufunguo wa pili?